Leba na siku za mwanzo na kichanga ikoje kweli? Waliopita huko tupeane uzoefu

Habarini wadau. Mimi mama kijacho, mimba ya kwanza, nimeingia miezi mitatu ya mwisho. Kila nikiuliza kuhusu uchungu naambiwa "utajua siku ikifika", jamani hilo nalo ni jibu? Ya kliniki nayasikia, nataka yale mnayoambiana wenyewe kwa wenyewe. Kina baba pia karibuni.

Mama Wawili:
Mdogo wangu karibu. Ule uchungu wa kwenye tamthilia, chupa inapasuka mtu anakimbizwa, wengi haututokei hivyo. Mie ulianza kama wa hedhi, kiuno kinavuta kinaachia, kinavuta kinaachia, nikaona na ute wenye damu kidogo, chupa ikaja kupasuka nishalazwa kitambo. Mimba ya kwanza njia inafunguka taratibu, mpaka ifike sentimita 10 masaa 12 na zaidi ni kawaida tu, kwa hiyo usimalize nguvu mapema kwa kelele, tembea, kunywa maji, pumua. Uchungu wa uongo ukitembea au ukilala unakata, wa kweli unakuja kwa mpangilio na unazidi kukaza na kukaribiana. Ila damu nyingi, maji ya kijani, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana huku unaona maluweluwe, hapo usisubiri uchungu wowote wewe nenda hospitali hata usiku wa manane.

Na hili hawakwambiagi, wakati wa kusukuma haja kubwa inaweza kuchomoka. Manesi hata hawashtuki, wanafuta maisha yanaendelea 😂

Wa Kisu:
Mie nilifanyiwa operesheni, njia iligoma kufunguka. Ganzi ya mgongoni, unasikia wanakuvutavuta tumboni ila maumivu hakuna, nilitetemeka meno yanagongana nikajua nakufa kumbe inatokea kwa wengi. Shughuli iko baada ya ganzi kuisha. Kucheka ni adhabu, kukohoa usiseme, shika mto ubane kwenye mshono ndo ukohoe, na kuamka kitandani geukia ubavu kwanza. Halafu nilidhani damu haitatoka maana nimepasuliwa, wapi, inatoka vilevile, inaweza kwenda mpaka wiki sita ikipungua pungua. Na akitokea wa kukwambia hujazaa umezalishwa, mwache na ujinga wake.

Baba Mtu:
Kwa upande wetu kina baba, choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi kama lami, kinanata, msipige simu kwa daktari kama mimi. Kilichonitoa jasho zaidi ni uzito. Kwenye mzani tukaambiwa umepungua, nyumbani kila mtu "maziwa hayatoshi, mpeni ya kopo". Nesi akatuambia siku za mwanzo mtoto kupungua hadi asilimia 10 hutokea, kufikia wiki mbili anakuwa kashaurudisha, mradi ananyonya vizuri na anakojoa. Yale ya kwanza ya njano, dang'a, yanatoka kidogo na kwa siku hizo yanatosha. Jiandaeni tu, kichanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku ndo kama ameajiriwa. Mama anyonyeshe, wewe cheulisha na badili nepi, hakuna cha kujifanya umelala.

Mama Wawili:
@Baba Mtu hapo kwenye kujifanya umelala nimemtag mtu 😂

Mpita Njia:
Niongezee la machozi. Kama siku ya tatu hivi maziwa yanajaa, kifua kigumu, unalia hata sababu huijui. Hayo ya wiki mbili za mwanzo huwa yanapita. Yangu hayakupita, mtoto akilia namwangalia tu kama si wangu, kulala siwezi hata akilala yeye, na nilikuwa naficha maana wageni wanakuja kupongeza unawaambia nini sasa? Mume ndo alistuka akanipeleka. Ilikuwa sonona ya baada ya kujifungua, nikatibiwa, niko sawa. Mwambie mumeo au dada yako sasa hivi kabla hujajifungua, ajue cha kuangalia.

Mtoa mada:
Asanteni jamani, hilo la mwisho nimemsomesha mume wangu hapa. Sasa waliochanika na kushonwa, kukojoa mlikuwa mnafanyaje?

Mama Wawili:
Jimwagie maji ya uvuguvugu hukohuko unapokojoa, haichomi sana. Na kunywa maji mengi, usibane mkojo kwa uoga.