Mafundi wa tovuti Tanga, acheni kutuuzia "leseni" ya Joomla!

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Wagosi wenzangu wa Tanga mjini, Muheza na Pangani, mwenye tovuti ya biashara asome mpaka mwisho. Na mafundi nao wasome.

Tuna kampuni ndogo ya kutembeza wageni: mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, Pangani, kisiwa cha Maziwe. Mwaka 2019 tulimpa kazi fundi mmoja wa hapa mjini atutengenezee tovuti, akaijenga kwa Joomla, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti. Kwa hilo sina ugomvi. Hela yake ya kazi tulimlipa yote. Lakini tangu hapo kila Januari anatudai laki moja na nusu anayoiita leseni ya Joomla, mbali na hela ya seva na ya jina la tovuti. Tena kwenye risiti anaandika kwa herufi kubwa: LESENI JOOMLA MWAKA 1. Ninazo zote kwenye faili.

Jamani, Joomla haina leseni ya kulipiwa! Inatolewa chini ya GPL, aina ya leseni ya programu huria, maana yake yeyote anaichukua, anaitumia, anaifungua aone ilivyo ndani, anaibadilisha, anampa na mwenzake, na hadaiwi hata senti. Fundi akidai ujira wa mikono yake, hiyo ni haki yake na mimi nitamlipa. Sasa hiyo ya leseni anampelekea nani? Wenyewe waliotengeneza hawamdai mtu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Joomla yenyewe ilizaliwa kwenye ugomvi wa namna hii hii. Kabla yake kulikuwa na programu inaitwa Mambo. Mwaka 2005 waliokuwa wakiiandika waligombana na kampuni ya Miro ya Australia, iliyokuwa ikimiliki jina la Mambo, juu ya nani asimamie mradi. Wakajitoa, wakaondoka na msimbo wa programu (code) kwa sababu GPL inawaruhusu, na Septemba mwaka huo huo wakatoa toleo la kwanza la Joomla. Watu waligoma ili kazi yao isishikwe na kampuni moja. Leo mtu anaishusha bure kwenye intaneti, anaileta Tanga, anaifungia kabatini kwake na kutukodisha!

Haya, sasa sikilizeni lililonifanya nifungue huu uzi. Mwezi uliopita mgeni wa Ujerumani alituandikia kwamba akibofya tovuti yetu kwenye simu anapelekwa kwenye kamari. Tukafungua kwa kompyuta ya ofisini, safi kabisa. Tukajaribu kwa simu kupitia Google, tukajionea wenyewe. Na ukitafuta jina letu Google, chini yake yametokea maandishi ya Kijapani yanayouza viatu na mikoba. Yule mgeni na familia yake wameghairi safari. Siwezi kumlaumu, nani atatuma hela ya kushikia nafasi kwenye tovuti inayompeleka kwenye kamari?

Nikampigia fundi. Jibu lake: "Mmeingiliwa kwa sababu hamjalipia leseni ya mwaka huu."

Mpwa wangu anasomea kompyuta. Akachukua anwani ya tovuti yetu, akaongeza mbele yake administrator/manifests/files/joomla.xml, toleo likajitokeza: 3.7.0. Hilo lilitoka Aprili 2017 likiwa na tundu baya linalomruhusu mtu wa nje kuchota vitu kwenye hifadhidata, na watu wa Joomla wakaliziba Mei 2017 kwa toleo la 3.7.1. Tovuti yetu imejengwa 2019! Yaani miaka miwili baada ya tundu kuzibwa, fundi katuwekea lile lile bovu, na hajaligusa tena mpaka leo. Kusasisha ni kubofya kitufe ndani ya ukurasa wa admini, bure. Joomla 3 yote iliachwa kuhudumiwa Agosti 2023 na toleo la 5 likatoka Oktoba yake. Hiyo laki na nusu ilikuwa inafanya kazi gani miaka yote hii?

Tumemwomba nywila ya Super User, akaunti yenye mamlaka yote kwenye tovuti, anasema tutaharibu. Sisi katupa akaunti ya Author, ambayo unaandika makala zako tu, hata ya mwenzako huwezi kurekebisha koma. cPanel, yaani ukurasa wa kusimamia seva ya tovuti, hatuna. Ukiangalia usajili wa jina la tovuti, mwenye mali kaandikwa yeye, na barua pepe yake. Mwashi akikujengea nyumba halafu akaandika hati kwa jina lake, utamwachia?

Na si sisi peke yetu. Nimeongea na mwenye gesti moja Raskazoni, ana risiti kama zangu, mwandiko ule ule. Kwa hiyo mwenye tovuti, leo leo muulize fundi wako iko toleo gani, bekapu ya mwisho ni ya lini, na jina limesajiliwa kwa nani. Daini cPanel kabla ya kitu kingine chochote. Ukiwa nayo, hata akikunyima nywila ya admini unaingia phpMyAdmin, programu ya kufungulia hifadhidata, kwenye jedwali la watumiaji, unaibadilisha.

Fundi, najua unapita humu. Mpaka Ijumaa nataka mafaili yote, hifadhidata, na jina la tovuti lihamishiwe kwa kampuni. Ikipita Ijumaa, Jumatatu asubuhi nakwenda polisi na risiti zangu.

Wadau, natafuta mtu aliye Tanga wa kusafisha hii kitu kwanza, aipandishe mpaka 3.10, halafu 4, halafu 5, na kila nywila anikabidhi siku anayomaliza. Bei ya kazi aiweke hapa hapa uzini kila mtu aione.