Mrejesho: darubini yangu na watoto wa mtaa, sayari ya Mshtarii (Jupiter) tumeiona!
Wakuu, niliwauliza kwanini darubini yangu ya milimita 70 haionyeshi kitu nikiwaita watoto wa mtaa kuangalia nyota. Mkaniambia kile kidarubini kidogo cha kulengea kilicho juu yake nikirekebishe mchana, nikatumia mnara wa simu wa mbali, halafu usiku nianze na lenzi ya jicho ya milimita 25, inayokuza kidogo na kuonyesha eneo pana, sio ya 10. Aisee jana Mshtarii ikaingia yenyewe, miezi yake minne imejipanga mstari, ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610! Bibi mmoja karudi foleni mara tatu. Ila dunia inazunguka bwana, kila dakika chache unailenga upya, na watoto wanashika bomba picha inatikisika, nikawawekea kiti washike hicho. Sayari ya Zohali (Saturn) ikipanda tunatafuta pete zake, asanteni sana.