Rufaa ya kupimwa ADHD kupitia GP: nianzie wapi?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nina miaka 34, niko Reading, Uingereza, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mwaka huu mwanangu wa pili amethibitishwa kuwa na ADHD, ile hali ya mtu kushindwa kutuliza mawazo au mwili, na kila swali alilokuwa akiulizwa nilihisi naulizwa mimi. Nataka kumwomba GP, yaani daktari wangu wa kawaida wa mtaani, anipe rufaa nami nipimwe. Lakini mara ya mwisho nilipoingia kwa daktari, dakika kumi ziliisha nalia, sikueleza kitu. Naogopa pia wataniona natafuta kisingizio. Aliyepita njia hii anielekeze.

Mama wa watatu, Reading

---

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Hilo la kisingizio liweke chini kabisa. ADHD hurithiwa sana, na wazazi wengi hujitambua siku mtoto anapopimwa. Mimi nilithibitishwa nikiwa na miaka 41, binti yangu akiwa amenitangulia.

GP mwenyewe hatakupima. Kwa mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu England, anayethibitisha ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili au mtaalamu mwingine aliyesomea jambo hilo. GP anaamua tu kama kuna sababu ya kukupeleka huko. Mara ya kwanza nilimwambia wangu "nasahau sana, dokta", akanijibu kila mtu husahau, nikatoka. Mara ya pili nilikwenda na karatasi niliyoiandika kwa wiki mbili, kila jambo siku lilipotokea. Nimeunguza sufuria ya maharage mara mbili. Nimefika kazini siku ambayo si zamu yangu. Barua ya faini ya maegesho nimeifungua siku 14 za kulipa nusu zikiwa zimepita. Andika ya nyumbani na ya kazini, maana wanataka kuona shida inajitokeza sehemu zaidi ya moja. Kilio kikikushika tena, mpe karatasi asome. Jaza pia fomu ya ASRS, ya mtu mzima kujipima dalili za ADHD, ina maswali 18 na ilitengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani.

Ukipiga simu mapokezi, omba upewe muda wa miadi miwili mfululizo. Na kama Kiingereza hukukimbia ukiwa na wasiwasi, omba mkalimani wa Kiswahili hapo hapo, hulipii. Usimchukue mwanao akutafsirie.

Sasa lile linalotusumbua sisi tuliokulia nyumbani: watataka ushahidi wa utotoni. Dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12. Mtu aliyesoma hapa anafungua kabati anatoa ripoti zake za shule. Mimi shule yangu ya msingi iko Tanga. Nikampigia mama. Kosa langu ni kuanza na neno "akili". Alikataa palepale, mwanangu hana wazimu, simu ikaishia hapo. Nikakaa siku tatu, nikarudi na swali jingine: "Mama, nilikuwa mtoto wa namna gani?" Akazungumza nusu saa. Kwamba nikitumwa chumvi narudi na mafuta ya taa. Kwamba nilipoteza jozi mbili za viatu muhula mmoja. Kwamba mwalimu wa darasa la tatu alimwambia, huyu ana uwezo ila mawazo yake hayapo darasani. Niliyaandika kwa Kiswahili chake, tafsiri chini yake, na mtaalamu akayapokea vizuri.

Wasichana wengi hatukuruka juu ya madawati. Tulikaa kimya tukitazama dirishani, tukaitwa wazembe, bakora tukala, na hakuna aliyeshtuka. Hayo nayo yaseme, usiyafiche kwa aibu.

Foleni ya NHS, huduma ya afya ya serikali, ni ndefu, sehemu nyingi ni miaka. Kwa kuwa uko England, unayo haki ya kumwomba GP akupeleke kwa mtoa huduma mwingine mwenye mkataba na NHS, na upimaji hulipii. Itaje kwa jina lake, Right to Choose, wataelewa. Ila kabla hujachagua muulize GP: nikishapata dozi inayonifaa, utakubali kuendelea kuniandikia dawa? Hawalazimiki kukubali. Namfahamu dada aliyekataliwa mwishoni akabaki katikati bila dawa, na iliniuma sana kumwona vile.

Dada yenu, Leicester

---

Nyongeza kidogo. Haki hiyo ya kuchagua haipo Scotland, huku nilipanga foleni ya kawaida.

Kabla ya dawa watakupima presha na mapigo ya moyo, na watakuuliza habari za moyo katika ukoo. Kwetu mtu akianguka ghafla akafa mara nyingi hakuna aliyepima chochote, tunasema siku zake zilifika. Ukiwa na ndugu wa namna hiyo, mtaje.

Dawa za ADHD kama methylphenidate zinadhibitiwa kisheria. Ukienda nyumbani beba barua ya daktari na pakiti zenye jina lako. Zikiwa za miezi mitatu au zaidi unahitaji leseni ya Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza. Kama ndege inapitia Dubai au Doha, soma masharti yao kabla ya kukata tiketi. Na kama unaendesha gari, DVLA, wanaotoa leseni za udereva, lazima waambiwe ikiwa hali yenyewe au dawa inakuathiri barabarani.

Kaka, Glasgow

---

Asanteni sana, dada na kaka. Nimempata mama leo mchana, neno akili sikulitaja. Amecheka kwanza, halafu akasema ripoti zangu zote za Morogoro amezihifadhi kwenye sanduku la bati, mdogo wangu atazipiga picha Jumapili. Miadi ni Alhamisi ijayo saa nne na robo asubuhi. Karatasi yangu imeshafika ukurasa wa pili.

Mama wa watatu, Reading