Kiwanda kikifungwa, timu ya wafanyakazi ni ya nani?

Kikapu Daima: Wakuu, kuna Bataville, huko Moselle, mashariki mwa Ufaransa. Kampuni ya Bata ilijenga kiwanda cha viatu pale mwanzoni mwa miaka ya 1930, pamoja na nyumba za matofali mekundu za wafanyakazi, bwawa la kuogelea na viwanja. Mchana mtu anashona viatu, jioni anacheza kikapu. Mwaka 2001 kiwanda kikafungwa. Mimi nasema timu ni ya waliotoka jasho. Nyie je?

Fundi Kiatu: Mwenye mpira ndiye mwenye mchezo. Jezi alinunua nani? Uwanja alijenga nani? Halafu inaniuma, kampuni yetu wenyewe Wakenya, bwawa wakapewa Wafaransa!

Binti Limuru: Yetu wenyewe? Hapo nakukatiza, kaka. Bata ni ya Tomáš Baťa, fundi viatu wa Zlín, Chekoslovakia. Alikufa kwa ajali ya ndege 1932, Bataville ikiwa bado changa.

Fundi Kiatu: Dada, Toughees, vile viatu vya shule vya Bata, nimevaa darasa la kwanza mpaka la nane, vimetengenezwa Limuru, hapa Kenya. Huyo Mcheki anaingiaje?

Binti Limuru: Limuru unanieleza mimi? Karo yangu ilitoka pale. Baba alikuwa akinibeba Jumapili kwenda kanisani, mikono bado inanukia gundi. Kiatu ni chetu kwa jasho, kampuni si yetu. Usichanganye.

Kikapu Daima: Asante dada, ndicho nilichosema juu! Fundi, tazama Le Mans, hukohuko Ufaransa. SCM, timu yao ya kikapu, ilianza 1939 kama klabu ya Comptoirs Modernes, kampuni ya maduka ya vyakula. Ikawa bingwa wa Ufaransa 1978, 1979 na 1982. Jina limebadilika, timu ipo, ikatwaa tena 2006 na 2018. Nicolas Batum, yule mchezaji wa NBA, amelelewa pale.

Mzee wa Rebaundi: Mwanangu, Le Mans ni jiji. Bataville kila nyumba ilisimama kwa sababu ya kiwanda. Kazi ikiisha kijana anafunga mizigo, na beki wako ndiye huyo kapanda treni. Haki ya timu utamkabidhi nani?

Kikapu Daima: Waliobaki, mzee. Hata wawe watano, watano wanatosha kuingia uwanjani.

Fundi Kiatu: Sawa, ila Binti hajanijibu. Kama si yetu, mbona kila kijiji Kenya duka la viatu linaitwa Bata?