Kiprogramu kinauliza "Y/n" (ndiyo au hapana) kwenye seva isiyo na mtu. KINAMUULIZA NANI?

Wakuu, sitaji jina. Mnakijua. Kila mwenye laptop yenye stika anacho, na tovuti yao inajisifu eti mstari mmoja tu umemaliza. Kweli, `curl` inavuta skripti yao mtandaoni, unampa `bash` aiendeshe papo hapo, na mimi wamenimaliza.

Kwenye GitHub Actions yetu, zile mashine za GitHub zinazofanya kazi zenyewe kila ukipandisha kodi, hatua ya kukisakinisha ilikuwa inajiendea yenyewe, hata hatuitazami. Jana Ijumaa jioni nikapushi kodi, nikafunga mashine, nikaenda zangu chipsi. Kumbe jamaa wametoa toleo jipya, na skripti yao hulivuta bila kubisha hodi. Kukubadilishia toleo hawaulizi. Wanachouliza ni kama naridhia watumiwe takwimu za matumizi yangu. `[Y/n]`

Unamuuliza nani? Ni mashine ya Ubuntu iliyozaliwa sasa hivi na itakufa kazi ikiisha. Haina kibodi, haina kioo, haina mtu! Kikakaa kinasubiri kwa adabu zote kama mkwe mtarajiwa sebuleni. GitHub usipoipangia muda haikati kazi hadi dakika 360 zitimie, na sisi fukara wa mpango wa bure tuna 2,000 kwa mwezi kwa kodi binafsi. Saa sita nzima kinasubiri herufi moja. HERUFI MOJA!

Na asije mtu kukitetea hapa eti hakikujua. GitHub inaweka `CI=true` kwenye kila mashine, yaani hapa kazi inajiendesha yenyewe, hakuna mtu; kusoma hilo ni `if` moja tu. Muda huo hawana. Muda wa kuchora nembo yao kwa rangi zote za upinde wa mvua ndani ya logi wanao! Leo asubuhi bosi kapiga simu, mteja haoni mabadiliko. Nimwambie nini, kuna swali lilikosa wa kulijibu?

Y/n. Nimekwazika.

KobeMwendakasi: Jibu lilikuwa n. Karibu.

Mzee wa Logi: Unapushi Ijumaa jioni halafu unatafuta mchawi? Weka `timeout-minutes: 10`, kazi ikatwe dakika ya kumi, ulale. Na taja namba ya toleo unalolitaka, acha kuokota kila kilichotoka jana.

Mleta uzi: Mzee, nimekuja kulalamika, sijaja tuisheni.

binti_taminali: Afadhali chako kinauliza. Changu skripti yake inakwenda API ya GitHub, ule mlango wa programu kuulizia, kutafuta toleo la mwisho. Bila tokeni ya kujitambulisha ni maombi 60 kwa saa kwa kila IP (anwani ya mtandao), na IP za zile mashine tunachangia na dunia nzima. Ikapigwa 403, yaani umekatazwa, ikatafuta namba ya toleo ndani ya ujumbe wa kosa, haikushtuka, ikaondoka kwenda kupakua toleo linaloitwa `null`, yaani hakuna kitu. 😂

Mpemba wa Linux: Null ndogo yakhe. Mie `curl` bila `-f` ya kuisimamisha ikikuta kosa, faili wamelihamisha, ikaleta ukurasa wa 404 (haipo) na kumkabidhi bash. Bash akaanza kuusoma `<!DOCTYPE html>` akijua ndiyo maagizo ya kusakinisha.

Mzee wa Logi: Halafu mnacheka. 2021 skripti ya Codecov, wale wa kupima kodi imejaribiwa kiasi gani, ilichezewa tangu mwisho wa Januari, watu wanaivuta kwenye CI zao kila siku na siri zinaondoka. Imekuja kujulikana Aprili, na aliyeshtuka ni mteja aliyelinganisha shasum, ile alama ya kuhakiki faili halijachezewa. Nani humu analinganisha?

KobeMwendakasi: Mzee tuliza mshono, leo Jumamosi.

fundi_imeji: Nyie hamjawahi kujenga imeji ya Docker (programu na vitu vyake vyote kwenye boksi moja), `tzdata`, kifurushi cha saa za dunia, ikawauliza mnaishi bara gani. Usiku wa manane naulizwa jiografia! Bila `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive` ya kuizuia isiulize, mpaka leo ningekuwa pale.

binti_taminali: @fundi_imeji na hapo umeshapakua nusu ya Ubuntu kwa bando lako mwenyewe.

Kijana wa Keko: Samahani wakuu, nje ya mada. Hivi lile bando la usiku limeondolewa au ni kwangu tu?

fundi_imeji: Siyo wewe tu. Jana nimejiunga la wiki, limeisha ugali haujaiva.

Kijana wa Keko: Mtandao gani huo?

fundi_imeji: Ule ule.