Mhadhiri kaandika "hoja kuu iko wapi?" Hoja kuu inaandikwaje?

KijanaWaMwaka1
Wakuu, heshima kwenu. Swali la insha ni hili: "Jadili matumizi ya Kiswahili kama lugha ya kufundishia katika shule za sekondari nchini Tanzania. Maneno 1,200." Rasimu imerudi na kalamu nyekundu: "Maelezo mengi. Hoja kuu iko wapi?" Utangulizi wangu unaishia hivi: "Insha hii itajadili historia ya Kiswahili, faida zake, hasara zake na changamoto za kukitumia kama lugha ya kufundishia." Nilidhani hiyo ndiyo hoja kuu. Nimekosea wapi, na aya nizipangeje? Nawasilisha Ijumaa.

MsahihishajiMzee
Hiyo sentensi ni ratiba ya safari. Inamwambia msomaji utapita wapi, ila haimwambii unadai nini. Kuna kipimo cha haraka: tanguliza "si kweli kwamba" mbele ya sentensi yako. "Si kweli kwamba insha hii itajadili historia ya Kiswahili." Nani atabishana nawe hapo? Hakuna, kwa hiyo hujadai kitu. Sasa jaribu: "Si kweli kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili." Hapo watu watashikana mashati. Sentensi inayoweza kupingwa na mtu mwenye akili timamu ndiyo inayofaa kuwa hoja kuu.

Chanzo cha kosa mara nyingi ni neno "jadili". Sekondari wengi wamelizoea kwa maana ya "taja hoja sita na uzieleze". Chuoni jadili ni kupima pande mbili kisha uamue uzito uko wapi. Usipoamua, mhadhiri anaona umebeba mizani lakini hujapima.

Fanya hivi. Geuza swali liwe na alama ya kuuliza: "Je, sekondari zifundishe kwa Kiswahili?" Lijibu kwa sentensi moja, kama unavyomjibu mtu aliyekaa pembeni yako kwenye daladala. Ongeza "kwa sababu" na sababu moja au mbili, zisizidi. Mwisho rudi mwanzoni uweke "ingawa", ukitaja jambo zito kuliko yote ambalo wapinzani wako wanalo. Unapata umbo hili: *Ingawa (nguvu ya upande wa pili), (msimamo wako), kwa sababu (sababu)*. Maneno 30 hadi 45 yanatosha. Ikipita 50, kuna hoja mbili zimejificha humo.

KijanaWaMwaka1
Asante sana mkuu. Nimejaribu: "Ingawa kuna changamoto nyingi, Kiswahili kinafaa kutumika sekondari kwa sababu ni lugha ya taifa na kina faida nyingi kwa wanafunzi na jamii." Vipi hapo?

MsahihishajiMzee
Umbo umelipata, ndani bado patupu. "Changamoto nyingi": ipi? Taja moja. "Faida nyingi": hiyo hiyo ungeweza kuiandika kuhusu maziwa au mazoezi ya viungo. "Kinafaa kutumika" ni laini mno, kwa sababu hata sasa kinatumika sekondari kama somo. Unachodai ni kiwe lugha ya *kufundishia* masomo mengine, basi sema hivyo.

Halafu "lugha ya taifa". Ni kweli, lakini kati ya ukweli huo na hitimisho lako hakuna daraja. Kitu kuwa cha taifa hakuonyeshi kwamba mwanafunzi atakielewa zaidi darasani. Tafuta sababu inayogusa kusoma kwenyewe. Mfano mdogo: mtoto wa shule ya msingi ya Serikali anajifunza usanisinuru, anajua jani linahitaji mwanga, maji na hewa ya ukaa. Kidato cha kwanza kitu hichohicho kinarudi kwa jina geni na maelezo ya lugha nyingine. Somo analijua, swali la mtihani hajui linauliza nini. Hiyo ni sababu ya kusimamia.

Kalamu_ya_Nakuru
Niongeze kutoka huku Kenya, maana kosa la utangulizi tunalo sote. Waliozoea karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari (insha mbili, kila moja isipungue maneno 400) hufungua kwa methali na tamathali, kwa kuwa ufundi wa lugha huko una alama zake. Kwenye insha ya kitaaluma methali inakula nafasi tu. Ndugu zangu wa Tanzania nanyi mna ugonjwa wenu: "Kwa mujibu wa kamusi, lugha ni mfumo wa sauti nasibu..." Mhadhiri wa lugha anajua lugha ni nini, jamani. Fafanua neno pale tu ambapo maana yake inabishaniwa. Katika swali hili ni "lugha ya kufundishia", na sentensi moja inatosha.

Mama_Rasimu
Tuje kwenye aya, maana hapo ndipo maneno 1,200 hupotelea. Utangulizi maneno 120: sentensi mbili tatu za kumwingiza msomaji kwenye mgogoro, kisha hoja kuu ikae mwisho wa aya hiyo. Usuli 150, usizidishe. Aya mbili za sababu, 200 kila moja. Hoja pinzani na jibu lake 230. Suala la Kiingereza na ajira 200. Hitimisho 100. Jumlisha, ni 1,200 kamili.

Hatari kubwa ni usuli. Historia ni rahisi kunakili, kwa hiyo hunenepa. Kwa swali hili unahitaji vitu vitatu tu: Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, sekondari kubaki na Kiingereza, na Tume ya Makweta, tume ya Rais kuhusu elimu, kupendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kutumia Kiswahili 1985, jambo ambalo halikutekelezwa. Habari za asili ya Kiswahili na misafara ya biashara hazikuulizwa.

Kila aya ya kiini ifunguliwe kwa dai, isifunguliwe kwa nukuu. Ushahidi ufuate, kisha angalau sentensi mbili zako mwenyewe zikieleza ushahidi huo unathibitisha vipi dai. Nukuu ikiachwa peke yake mwishoni mwa aya, umemwachia msomaji kazi yako. Na muwe macho na "pia", "vilevile", "aidha". Aya tatu mfululizo zikianza na maneno hayo, ujue umepanga orodha: ungeweza kubadilishana nafasi zake na hakuna ambaye angegundua.

Hoja pinzani iandike kiasi kwamba mwenye msimamo huo akisoma aseme "hasa, ndicho ninachosema". Ukiidhoofisha makusudi, jibu lako nalo linakuwa dhaifu.

KijanaWaMwaka1
Shukrani dada. Jaribio la tatu: "Ingawa Kiswahili hulaumiwa kwamba hakina istilahi za kutosha za sayansi, kinapaswa kuwa lugha ya kufundishia sekondari, Kiingereza kikibaki somo, kwa sababu wanafunzi wengi hutoka shule za msingi wakiwa wamesoma kila somo kwa Kiswahili na hubadilishiwa lugha ghafla kidato cha kwanza."

MsahihishajiMzee
Sasa umedai kitu. Mikwaruzo miwili. "Kila somo" si kweli, Kiingereza chenyewe hufundishwa msingi. Andika "karibu masomo yote", na useme "shule za msingi za Serikali", maana zipo nyingine zinazofundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo. "Ghafla" nalo litakuponza: mpinzani atakutajia kozi ya awali ya Kiingereza ya wiki za mwanzo za kidato cha kwanza. Ama ulifute, ama uweke sentensi kwenye aya ya kwanza ya sababu kueleza kwa nini wiki chache hazitoshi.

Mama_Rasimu
Na kabla ya kuwasilisha, pembeni ya kila aya andika kwa maneno yasiyozidi kumi aya hiyo inasema nini. Ukilazimika kuweka "na" kuunganisha mambo mawili, igawanye. Ukishindwa kabisa kuandika, aya hiyo haina kazi. Kisha soma hayo ya pembeni peke yake, juu hadi chini: yakisomeka kama mabishano yanayosonga, mpangilio uko sawa.

KijanaWaMwaka1
Nimefanya hilo sasa hivi. Usuli peke yake umekula maneno 480, na pembeni yake nimeandika "historia" tu. Naukata.

Mama_Rasimu
Kata, ila 1982 iache. Utaihitaji kwenye aya ya istilahi: mpinzani akisema maneno ya sayansi hayakuwepo, una TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) waliotoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Iweke miaka hiyo miwili jirani, kisha muulize msomaji kilichokwamisha ni nini.