Mchezo wa Yusuf bin Hassan tukiufanya filamu, mazoezi yabaki ndani ama tuyakate?

KijanaWaMjiWaKale
Asalaam aleikum wadau. Kikundi chetu twafanya mazoezi ya mchezo wa Yusuf bin Hassan, yule sultani wa Mombasa aliyewageukia Wareno 1631, twakutana kila Jumamosi ukumbi mmoja huko Majengo. Sasa dairekta ameanza kutushuti na simu hata tukiwa twabishana, asema filamu ndio hayo mazoezi, na katikati ataka kuingiza siasa za Ureno mpaka mapinduzi ya 1974. Mimi ndo Yusuf. Juzi tumefika pale anapomuua kapteni wa Wareno ndani ya ngome yao, Fort Jesus, mkono ukanikatalia, nimesimama tu na rula ya mbao tunayotumia kama jambia, mwenzangu aniambia nipige basi, nami nawaza huyu mtu amelelewa na Wareno hawa hawa kule Goa, koloni lao la India, wakambatiza wakamwita Dom Jerónimo, sasa aua kwa chuki ama kwa hofu? Dairekta ataka kipande hicho kibaki, mimi naogopa watu watasema hatujui kuigiza. Na hiyo 1974 yatuhusu nini?

BintiKuze
Kibaki tafadhali!! Babake aliuawa 1614 kwa njama za Wareno, kichwa kikapelekwa Goa, na yeye mtoto mdogo akapelekwa huko huko kusomeshwa. Halafu amerudi mfalme, wakamuona akiomba dua kwa kaburi la babake kiislamu, maneno yakamfikia kapteni. Sasa mkono wa mtu kama huyo usisite kwa nini? Ukiucheza haraka utakuwa umemuongopea.

MzeeKibokoni
Mwanangu, 1974 yatuhusu sana. Wanajeshi wa Ureno walichoka na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, vimeanza 1961 na haviishi, ndio hao hao wakampindua Caetano, waziri mkuu wa udikteta wa Ureno, tarehe 25 Aprili, raia wakawatilia maua kwenye mitutu ya bunduki. Mwaka uliofuata Msumbiji ikapata uhuru. Yaani Waafrika waliopigana msituni walichangia kuung'oa udikteta Lisbon, na hilo halisemwi vya kutosha. Tena kuna jingine, huyo Yusuf alipoasi, Ureno yenyewe ilikuwa chini ya mfalme wa Uhispania, toka 1580 mpaka 1640, na Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 wakati huo huo. Lakini msilifanye hotuba, mmoja wenu alisome kwa karatasi huku wengine wapanga viti.

BintiKuze
Na yule anayecheza mke wa Yusuf, Mreno, ajifunge leso aweke barua mezani. Leso neno la Wareno, meza neno lao, asiseme chochote.

KijanaWaMjiWaKale
Mzee shukran, hiyo ya Uhispania sikuijua kabisa, nimemsomea dairekta kwa simu akanyamaza kidogo kisha akaniambia rudia. Jumamosi nitamuomba kamera iwe karibu na mkono, uso auache.